Mwangalizi wa Selina

Fomu ilikaa kwenye mlango wa friji wiki tatu nzima, imebanwa na sumaku yenye umbo la kaa, na kila aliyefungua friji kuchukua maziwa alijifanya haioni. Bingwa wa kutoiona alikuwa Chesley Pardy mwenyewe. Alifungua, akachukua maziwa, akafunga, macho yake yako dirishani muda wote.

"Ches," mkewe alimwita. "Leo tarehe ngapi?"

"Kalenda hiyo hapo ukutani."

"Nakuuliza wewe."

"Tarehe tano Januari. Jumapili. Haya, umefurahi?"

Selina hakufurahi. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko la kuni, mpira wa oksijeni puani, na mpira wenyewe umetambaa sakafuni mita kumi mpaka kwenye mashine iliyokuwa ikinguruma koridoni. Sentensi ndefu ilimtaka apumzike katikati, kwa hiyo alikuwa amejifunza kusema fupi fupi, na watu wa kijiji chetu, Rushy Arm, walisema siku hizi ana kiburi.

"Keshokutwa ndiyo mwisho," alisema. "Fomu iwe imefika hospitali Toronto. Wanataka jina moja. La mtu wa kuniangalia. Wiki sita." Akavuta pumzi. "Hakuna jina, hakuna upasuaji. Ile tarehe ya Aprili anapewa mwingine."

"Aprili," alisema Ches. "Mwaka una miezi kumi na miwili, wao wakaona Aprili."

Aprili ndipo uvuvi wa kaa unapofunguliwa. Huku kwetu Newfoundland, mashariki kabisa ya Kanada, mwenye boti na leseni ya kaa asipotoka Aprili, mwaka mzima umekwenda na maji, na mabaharia wake wawili wamekwenda naye. Hilo Selina alilijua. Alikuwa ameolewa na boti hiyo miaka ishirini na sita.

Basi niuseme huo ugonjwa niumalize. Damu ilimganda mguuni, vipande vikapanda mpaka mapafuni, vikakwama humo vikageuka makovu. Mishipa ya mapafu ikabana, na moyo upande wa kulia ukawa unasukuma damu mahali pasipopitika, mpaka ukavimba. Presha ya mapafu, ndivyo walivyoiita. Si ile presha ya kufungwa mkanda mkononi. Ya mkononi ilikuwa nzuri ajabu, na hiyo ndiyo iliyomponza, maana kila aliyempima alimwambia ana presha ya msichana wa miaka ishirini, arudi kazini. Kazini kwenyewe ni kiwanda cha kaa, ambako mvuke wa kaa umewaharibu vifua nusu ya wanawake wa hapa. Kila mmoja ana pampu ya pumu mfukoni. Nani angemsikiliza Selina eti hapumui? Walimsikiliza baada ya miaka miwili, siku alipoanguka kwenye mstari wa kazi na midomo imegeuka rangi ya wino.

Tangu hapo anameza kidonge cha wafarini kila siku saa kumi na moja jioni, damu yake iwe nyepesi isigande tena. Na kila Jumatano Nesi Rosalind Critch anamtoboa kidole kuangalia wepesi wenyewe. Jumatano ile iliyopita wepesi ulikuwa umepita kiasi, kwa sababu ya dawa ya kifua aliyopewa wakati wa Krismasi. "Punguza kidonge," nesi alimwambia, "na jichunge. Hata na uma jichunge."

Mama Maud, mama mkwe, alikuwa anapakua chakula cha Jumapili: nyama ya chumvi, viazi, karoti, kabichi lililochemshwa sufuria moja na hiyo nyama. Akachota kabichi miiko miwili mikubwa akambwagia Selina sahanini.

"Mama, nusu kikombe. Kila Jumapili nakwambia."

"Kabichi halijamuua mtu nyumba hii tangu niolewe."

"Haliui. Ila niwe nakula kiasi kilekile. Likizidi, dawa haifanyi kazi."

"Dawa gani hiyo inayogombana na kabichi?" Mama Maud alimgeukia mwanawe. "Na ndiyo hiyohiyo iliyo kwenye boksi la sumu ya panya bandani. Nimevaa miwani nimesoma mwenyewe. Mke wako anakula sumu ya panya, kabichi langu ndilo linamdhuru!"

Ches alicheka. Hakucheka sana, lakini Selina alimsikia. Akasogeza kabichi pembeni ya sahani kwa ncha ya kisu, na mkono wa sweta ukapanda kidogo, alama mbili za buluu zikaonekana juu ya kifundo. Alikuwa amejigonga kwenye mlango wa oveni, basi. Mtu mwingine asingepata hata wekundu.

Ches alipoziona aliacha kucheka. Alisukuma kiti.

"Naenda bandani. Mitego haijishoni yenyewe."

"Na fomu?"

"Nimesema naenda bandani, Selina!"

*

Hakwenda bandani kwake. Alipita theluji mpaka nyumba ya pili, kwa dada yake Effie, na kumkuta na mumewe Hayward wakinywa chai.

Effie ni mnyapara wa mstari wa kupakia pale kiwandani. Misimu ishirini na mitano hajakosa zamu, na kifua chake kibovu kuliko cha mtu yeyote ninayemjua. Anavuta pampu yake mara mbili, anakohoa, anarudi mstarini, na ukimpa pole anakutukana. Kwake yeye, wifi yake alikuwa anaugua kitu ambacho wengine wanafanya nacho kazi.

"Unajua kanifanya nini?" Ches alisema kabla hajavua kofia. "Juzi dukani. Yule wa kwenye kaunta ananiambia mbele ya watu, 'Ches, mkono wako mzito siku hizi.' Wote wakacheka."

"Utani tu huo," Hayward alisema.

"Mke wa mchungaji hakucheka. Alinitazama." Ches alikaa. Uso wake ulikuwa umewiva. "Sijamgusa yule mwanamke maisha yangu yote. Yote, Effie! Sasa natembea nimeinamisha kichwa kama mhalifu kwa sababu eti damu yake nyepesi."

"Nani kaiona hiyo damu nyepesi?"

"Nesi anasema."

"Nesi anasema anachoambiwa na mgonjwa." Effie alimwongezea chai. "Mimi namwona, dirisha langu linatazama lake. Jumanne kaongea na simu na binti yenu dakika arobaini. Arobaini! Hakukata pumzi. Alhamisi kashuka ngazi, kachukua kuni mbili, karudi. Mbili, si tatu, maana ya tatu ingeonekana kazi. Na wewe uache msimu ukakae Toronto kumshikia mkoba."

"Fomu inataka jina keshokutwa."

"Kabla hujaandika jina lako, mpime."

"Nimpimeje? Mimi daktari?"

Effie alinyanyua macho kwenye dari. Juu ya dari, kwenye stoo, kulikuwa na kichwa cha farasi cha mbao alichochonga babu yao, taya la chini limefungwa kwa bawaba, kamba ya kulivuta, na misumari mistari miwili badala ya meno. Siku kumi na mbili za Krismasi watu wa huku hujifunika nyuso wakazunguka nyumba kwa nyumba na vinyago, na farasi akija na kinyago, kila mtu hukimbia. Anauma makoti. Ndiyo raha yake.

"Mwenye afya akimwona yule farasi anaruka," alisema Effie. "Akiruka kwenye kile kiti, tumemjua. Asiporuka, andika jina lako mimi sitasema neno tena."

"Effie," Hayward alisema, "mwache mtu bwana."

"Wewe kavae gauni langu la kulalia. Na ubebe kodiani."

 Ches akauliza kama misumari ile bado mikali.

*

Saa kumi na moja kasoro, nje giza limeshaingia, mlango ulibishwa kwa fimbo mara tatu. Sauti ikapita kwenye upenyo wa mlango, ya ajabu, ya kuvutwa ndani.

"Viinyaaago mnaruhusu?"

Hivyo ndivyo vinyago wanavyoongea huku. Unaongea huku unavuta pumzi badala ya kuitoa, sauti inakuwa ya kukwama kooni, hata mama yako hawezi kukujua. Watoto hujizoeza mwezi mzima.

"Mama, usifungue," Selina alisema. "Sijisikii vizuri."

"Siku ya mwisho ya vinyago nifunge mlango wangu? Tusemwe mpaka Krismasi ijayo?" Mama Maud alikuwa ameshafika mlangoni, miaka themanini na moja na miguu mibovu. Alipenda vinyago kuliko kanisa. "Ingieni, ingieni! Lakini vueni viatu! Sakafu yangu nimeipiga deki leo!"

Waliingia watatu. Bibi harusi mnene mwenye pazia la dirisha usoni na kodiani tumboni. Mvuvi mwenye koti la mpira, mto umefungwa mgongoni, foronya kichwani yenye matundu mawili ya macho. Na nyuma yao farasi, shuka jeusi mpaka magotini, kichwa cha mbao kimeinuka karibu na taa, taya linapiga ka, ka, ka.

Mama Maud alipiga kelele za furaha akajificha nyuma ya meza. Bibi harusi akaanza kupiga, mvuvi akaanza kuruka, vyombo kabatini vikalia. Selina alijaribu kutabasamu, maana ndivyo mwenye nyumba anavyotakiwa. Mkononi alikuwa na glasi ya sharubati nyekundu ya Krismasi aliyomiminiwa kumezea kidonge.

"Mwenye nyuuumba," mvuvi alisema kwa kuvuta, "inuka tucheeeze!"

"Siwezi. Samahani."

"Anasema hawezi!" Mvuvi alimshika bega akamtikisa. "Farasi, mwenye nyumba hawezi!"

Katika kuruka kwake mguu wa mvuvi ulinasa mpira wa oksijeni. Mpira ukachomoka puani kwa Selina ukaanguka. Akainama kuutafuta, hakuufikia, na alipoinua kichwa taya la farasi lilikuwa limefunguka mbele ya uso wake.

Hakuruka. Hakuwa na cha kurukia. Aliinua mkono tu kujikinga, na kamba ikavutwa.

Misumari haikukuta koti. Ilikuta upande wa ndani wa mkono, sweta la nyumbani na ngozi laini chini yake, na farasi alipojivuta nyuma kwa mshtuko, taya lilikuwa bado limefunga. Ikachana. Glasi ikaanguka. Sharubati ikamwagika kwenye sketi, kwenye kiti, sakafuni.

"Sakafu yangu!" alilia Mama Maud huku anacheka. "Tazama alivyomwaga sharubati!"

Selina alitaka kusema damu. Lakini hewa haikutoka. Mapafu yake yaliyobanwa yalitaka kuvuta tu, kuvuta, na neno likaja kinyumenyume pamoja na pumzi, la kukwama kooni.

"Baaasi… daaamu… baaasi…"

Mama Maud alipiga makofi. "Jamani, mmemsikia? Naye anaongea kinyago!"

"Anatushinda!" mvuvi alisema, na kwa kusahau alisema kwa sauti yake ya kawaida, sauti ya Effie. "Hata mimi siwezi vile! Ongeza, ongeza, Hay… bibi harusi!"

Na kodiani likaongezwa mwendo. Mwanamke anaomba aachwe, watu watatu wanamshangilia kwa jinsi anavyoigiza vizuri. Kila akivuta "daaamu" wanacheka zaidi. Sketi ilikuwa nyekundu tangu mwanzo, nani atajua wekundu upi ni upi? Nimesema watu watatu. Wa nne, yule chini ya shuka, hakucheka. Lakini hakufanya kitu pia, na mimi hilo sijamsamehe. Alisimama ameshika kamba, anaangalia kupitia tundu la shingo ya farasi, bado hana hakika kama anaona ugonjwa au maigizo.

Selina aliacha kuomba. Kichwa kilikuwa kinaelea, macho yameanguka sakafuni, na pale sakafuni aliona soksi. Soksi nzito za sufu ya kijivu, ya kushoto ina kidole cha kijani. Mwaka juzi, akizifuma wodini, sufu ya kijivu ilimwishia akamalizia na kijani. Alikuwa amemwomba msamaha aliyezivaa.

Akakusanya pumzi. Akaitoa nje, safari hii, yote aliyokuwa nayo.

"Ches."

Kodiani likakatika. Na tuelewane hapa: halikusimamishwa na huruma. Lilisimamishwa na kanuni ya mchezo, kwamba kinyago akitajwa jina lake, muziki unaisha na anafunua uso. Hayward aliifuata kanuni kwa mazoea tu. Basi kukawa kimya, na katika kimya hicho wote wakasikia tone likianguka sakafuni, na lingine, na lingine. Sharubati haidondoki hivyo dakika nzima baada ya glasi kuanguka.

Ches alivua farasi kichwani. Uso wake haukuwa na rangi.

"Mungu wangu," alisema Effie ndani ya foronya. "Mungu wangu. Hayward, kimbia kwa nesi. Kimbia hivyohivyo!"

*

Nesi Rosalind aliletwa na mwanaume mwenye gauni la kulalia. Alibana jeraha dakika hamsini kwa saa ya ukutani, goti moja sakafuni, oksijeni ameirudisha na kuifungua zaidi. Hakusema na mtu ila Selina. Alipoona shashi haipitishi damu tena, akafunga bandeji, akanawa mikono kwenye sinki la Mama Maud bila kuomba ruhusa.

"Usiku huu usimeze kidonge," alisema. "Kesho jioni nusu. Nusu tu. Jumanne nakupima. Barabara ikifungwa na theluji na hiki kidonda kikafunguka, nitakuwa natia saini cheti cha kifo. Mmenisikia wote?"

 Vinyago vitatu vilikuwa vimekaa kwenye benchi vimeshika vitambaa vyao.

"Nani kafanya?"

Ches aliinamia soksi zake, nesi akaendelea.

"Selina, mara mbili nimeona alama mwilini mwako, na mara mbili nimeandika ni dawa. Hii si dawa. Kesho saa nne nitakuja na karatasi ya ripoti, na ina mahali pa jina. Nikiandika mtu wa nyumba hii, polisi atakuja, si kwa kupenda kwangu." Alimtazama Ches, kisha farasi aliyelala kwenye kona na taya wazi. "Na ile fomu ya Toronto naiona bado iko kwenye friji."

*

Asubuhi Ches alikuwa wa kwanza kuamka. Alisugua sakafu kwa brashi mpaka mbao zikawa nyeupe, akawasha jiko, na Selina alipotoka chumbani alimkuta mezani, fomu mbele yake, kalamu mkononi. Sumaku ya kaa ameiweka kando.

"Naandika jina langu," alisema. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Boti nitamkodisha mtu. Au ikae. Naandika sasa hivi."

"Weka kalamu."

"Selina, nilitaka tu…"

"Najua ulichotaka. Weka kalamu, Ches."

Akaiweka. Selina akachukua simu akapiga nyumba ya pili. Effie alifika na keki ya Krismasi imefungwa kwenye foili, akasimama nayo mlangoni.

"Kaa, wifi."

"Nimesimama vizuri."

"Kaa. Nikiinua shingo nakosa pumzi. Au unataka kunipima tena?"

Effie akaweka keki mezani, akakaa. Mama Maud aliacha kubembea kwenye kiti chake.

"Saa nne nesi anakuja," Selina alisema. Alisema kidogo kidogo, akipumzika, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. "Karatasi yake inataka jina. La aliyenichana. Na yangu inataka jina. La atakayeniangalia."

"Si Ches huyo hapo, yuko tayari…"

"Ches simtaki."

Birika lilianza kulia jikoni. Ches hakulitoa.

"Mume wangu nimelala naye miaka ishirini na sita," alisema Selina. "Mwulize kidonge changu rangi gani."

Wote walimtazama Ches. Ches akafungua mdomo, akatazama kabati la dawa, akafunga.

"Cha njano," Effie alisema. Lilimtoka tu. "Kimoja kila siku. Jumatano kimoja na nusu. Tangu Alhamisi kimepunguzwa." Halafu akaona wanavyomtazama, akawaka. "Nini? Anamezea dirishani! Kila siku saa kumi na moja, taa imewaka, mtu atakosa kuona?"

"Na Jumanne nimeongea na simu dakika ngapi?"

Effie alianza kukunja pembe ya foili ya keki.

"Kuni nimebeba ngapi Alhamisi? Kilimani kanisani nimesimama mara ngapi?"

"Mara nne," alisema Effie kwa sauti ndogo. "Zamani ilikuwa mbili."

"Basi. Toronto wataniuliza hayohayo. Kila siku. Wanataka mtu aliyenikodolea macho." Selina alisukuma fomu juu ya meza mpaka ikagusa keki. "Miaka miwili hujapepesa, wifi. Andika."

"Una wazimu! Na msimu wangu? Mstari wangu? Ishirini na tano sijakosa hata zamu moja!"

"Utaukosa. Mimi nimekosa miwili."

"Nikikataa?"

"Saa nne namtajia nesi jina la ndugu yako. Na la aliyemtuma."

Effie aligeuka kumtazama Ches, naye Ches alikuwa anatazama mikono yake. Kifua cha Effie kilianza kupiga filimbi, kama kinavyofanya akikasirika. Akatoa pampu mfukoni, akavuta mara mbili, akashika pumzi, akaiachia. Selina alimsubiri amalize. Alijua muda inaochukua.

"Na nikiandika," Effie alisema, "nesi utamwambia nini?"

"Nitamwambia ni farasi. Si ndiye aliyeniuma?"

Effie alinyakua kalamu. Aliandika jina lake kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka kwenye nukta, na tarehe, na namba ya simu, na mahali palipoandikwa uhusiano na mgonjwa aliandika wifi, akapiga mstari chini yake.

"Usidhani huko nitakubembeleza."

"Nani kakuomba?"

"Na kuongea ongea sitaki."

"Pumzi ya kuongea na wewe nitaitoa wapi?"

Ches alisimama. "Na mimi?" alisema. "Selina. Mimi nifanye nini?"

Selina alimtazama muda mrefu, bila hasira hata, na hilo lilimuumiza kuliko kama angemrushia sahani.

"Wewe nenda kavue kaa," alisema. "Si ndicho ulichokuwa unataka?"

*

Jioni ile ya tarehe sita, Krismasi ya Kale, fomu imeshatumwa kwa faksi, saa kumi na moja Ches alimpelekea mkewe kidonge. Alikuwa ameshinda bandani anang'oa misumari ya farasi kwa koleo, na vidole vyake vilikuwa na kutu. Amenawa, amechana nywele, ameweka kidonge kwenye kisahani cha maua ambacho hutolewa kwa wageni tu, na glasi ya maji pembeni. Selina alinyoosha mkono mzima, ule usiofungwa bandeji.

Mlango ukafunguka bila kubishwa. Effie aliingia na theluji yake yote, shali kichwani, anapumua kwa shida kwa sababu alikuwa amekimbia kutoka nyumba ya pili.

"Nusu!" alipiga kelele. "Nesi kasema nusu! Wewe Ches, unataka kumuua?"

Ches alitazama kisahani. Kidonge kilikuwa kizima. Alikuwa amekichagua vizuri, cha njano, amehakikisha mara mbili rangi yake.

Effie alimnyang'anya kisahani, akatoa kisu kwenye droo, akakata kidonge katikati juu ya meza, akakirudisha kipande kimoja kwenye chupa. Kingine alimwekea Selina kiganjani na kumsimamia.

"Meza."

Selina alimeza.

"Fungua mdomo nione."

"Mimi si mtoto, Effie."

"Fungua. Jina langu liko kule Toronto."

Selina akafungua mdomo. Effie aliinama, akatazama juu ya ulimi na chini ya ulimi, akahakikisha, kisha akavuta kiti akakaa kupata pumzi. Walikaa hivyo, mmoja kila upande wa jiko, wakihema. Ches alibaki amesimama na glasi ya maji, na hakuna aliyemwambia aiweke wapi.